SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: Namna ya Kuchagua Taa ya Nje Iwakayo Yenyewe Mtu Anapopita



Kila msimu wa kununua pamba unapokaribia, vyama vyetu vya msingi hukaa kupanga ulinzi wa ghala, mzani na ofisi. Siku hizi katika vikao hivyo huzuka pia habari ya taa za nje ambazo huwaka zenyewe mtu anapopita mbele yake, na kuzimika zenyewe akishaondoka. Wauzaji huziita "taa za sensa". Baadhi ya wanachama wamekwisha kuzifunga majumbani mwao na wanazisifu. Wengine walizinunua, zikawachosha kwa kuwaka ovyo usiku kucha, wakazifungua na kuzitia uvunguni.

Somo hili lina shabaha tatu. Kwanza, kumwezesha mwanachama kujua taa hizi hufanya nini na hazifanyi nini. Pili, kumwezesha kuchagua taa inayofaa nyumba yake au ghala la chama bila kudanganywa dukani. Tatu, kumkumbusha Katibu utaratibu wa kununua kifaa cha namna hii kwa fedha za wanachama. Inashauriwa somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja moja, na maswali ya mwisho yajadiliwe.

1. TAA HAIKAMATI MWIZI

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba taa haikamati mwizi. Taa hutoa habari tu. Husema, "Kuna kitu kimepita hapa." Habari hiyo ina faida iwapo yupo mtu wa kuipokea, na mtu huyo anajua la kufanya akishaipokea. Ghala lililo peke yake porini, lisilo na mlinzi wala nyumba jirani, likifungwa taa kama hiyo, huwa limemfadhili mwizi. Atakapofika mlangoni taa itawaka, naye ataiona kufuli vizuri zaidi.

Sisi watu wa Shinyanga tumelijua jambo hili kabla ya taa hizi kuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, wananchi wa Wilaya ya Kahama walianzisha Sungusungu, na kwa muda mfupi jeshi hilo la jadi likaenea Usukumani na Unyamwezini. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na vikundi hivyo vikapata kutambuliwa kisheria. Walinzi wale walibeba upinde na mishale, lakini nguvu yao ilitokana na mwano, yaani ule ukelele wa hatari ambao kila aliyeusikia aliwajibika kutoka nje na kwenda unakotoka. Mwano ulikuwa na maana kwa sababu uliitikiwa. Kama wanakijiji wangeusikia na kugeukia ukutani wakaendelea kulala, ungekuwa kelele tu.

Taa ya sensa ni mwano usio na sauti. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, jiulize maswali matatu:

(a) Taa ikiwaka saa 8 usiku, nani ataiona?
(b) Akiiona akiwa peke yake, atawaamsha wenzake kwa njia gani?
(c) Wenzake wakiamka, watafanya nini, na nani atawaongoza?

Kama swali la (a) halina jibu, usinunue taa kwanza. Tafuta mlinzi, au hamisha mali mahali penye watu.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi za wenzetu unatufundisha tahadhari hiyo hiyo. Mwaka 2016, katika jiji la New York nchini Marekani, minara ya taa kali iliwekwa katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma, na mitaa mingine ikaachwa kama ilivyokuwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilinganisha mitaa hiyo, wakaona kwamba makosa makubwa yaliyotendeka nje wakati wa usiku yalipungua kwa asilimia 36 palipokuwa na minara. Kwa upande wa pili, utafiti uliotolewa mwaka 2015 kuhusu Uingereza na Wales, uliotazama halmashauri 62, haukuona ushahidi kwamba kuzima au kupunguza taa za barabarani kuliongeza uhalifu. Tusistaajabu majibu haya mawili. Taa za New York ziliwaka usiku kucha, katikati ya maelfu ya watu wenye madirisha ya kuchungulia, na polisi walikuwa karibu. Mwanga husaidia au hausaidii kwa kutegemea watu waliouzunguka.

2. JINSI TAA INAVYOMTAMBUA MTU

Mtu mzima mwenye afya ana joto la mwili la kiasi cha nyuzi 37 za sentigredi. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Ndani ya taa ya sensa kuna kitambuzi kidogo kinachopokea mionzi hiyo. Mbele yake kuna kioo cha plastiki cheupe, chenye mikato mingi mfano wa sega la nyuki. Mikato hiyo huligawa eneo la mbele katika vipande kama miali ya gurudumu la baiskeli. Mtu anapovuka kutoka kipande kimoja kwenda cha pili, kitambuzi huona joto limebadilika ghafula, nacho huwasha taa.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kanuni nne za kazi.

Kanuni ya kwanza: kitambuzi humwona vizuri zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja. Anayekatiza huvuka vipande vingi. Anayekuja wima huweza kusogea karibu sana kabla hajavuka hata kimoja.

Kanuni ya pili: kitambuzi hutegemea tofauti ya joto la mtu na joto la vitu vilivyo nyuma yake. Usiku wa manane, ardhi ikiwa imepoa, hufanya kazi vizuri. Lakini jioni za miezi ya joto, kama Septemba na Oktoba, kuta na ardhi bado huwa na moto wa mchana, na kitambuzi hupoteza sehemu ya uwezo wake. Taa iliyoandikwa kuwa inaona mita 12 huenda ikaona mita 7 au 8 wakati huo. Usiipangie kazi hadi ukingoni mwa uwezo wake.

Kanuni ya tatu: kitambuzi cha joto hakioni kupitia ukuta wala kioo cha dirisha. Ukikifunga ndani ya dirisha la kioo, hakitafanya kazi.

Kanuni ya nne: kitambuzi hakijui mwizi ni nani. Mbuzi, mbwa, fisi na paka wote wana joto. Moshi na hewa ya moto kutoka jikoni navyo huweza kukisumbua.

Ipo aina ya pili ya kitambuzi, ambacho hutuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake. Hiki hakisumbuliwi na joto la Oktoba. Lakini mawimbi yake hupenya mbao, plastiki na kuta nyembamba, kwa hiyo huweza kuwaka kwa sababu ya mtu anayejigeuza chumbani, au matawi yanayopepea. Kwa nyumba nyingi za kwetu, ambazo zina ua wa minyaa na miti karibu, kitambuzi cha joto ndicho chenye usumbufu mdogo.

3. UMEME WA TANESCO AU WA JUA?

Taa ya umeme wa gridi ni imara na haitegemei betri. Udhaifu wake ni kwamba umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha, nayo hufa. Na usiku wa giza la namna hiyo ndio mwizi autakao. Isitoshe, huhitaji waya wa kupita nje, na kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni.

Taa ya sola haihitaji waya, haina gharama ya uniti, na huendelea kuwaka umeme unapokatika. Wilaya yetu ya Kishapu haina upungufu wa jua. Ndiyo maana kijiji cha Ngunga kilichaguliwa kujengewa kituo kikubwa cha umeme wa jua wa gridi ya Taifa. Lakini taa ya sola ina adui watatu: vumbi linalofunika paneli, betri duni, na mwizi wa taa yenyewe. Paneli ifutwe kwa kitambaa chenye maji angalau mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi. Taa ifungwe juu, kwa skrubu ndefu zilizoingia ukutani barabara, wala isining'inizwe kwa msumari.

Kwa ghala la chama, ushauri ni kuchanganya: mlango mkubwa upate taa ya umeme, na upande wa nyuma upate taa ya sola, ili moja ikishindwa, nyingine ibaki.

Hapa lazima tuseme neno juu ya moto. Taa za zamani za halojeni, zile zenye balbu ndefu mfano wa kalamu na nguvu ya wati 500, hupata joto kali sana. Pamba mbegu hushika moto upesi, na nyuzi zake nyepesi hupeperuka na kutua popote. Taa ya halojeni isifungwe kamwe katika ghala la pamba, ndani wala nje. Taa za LED hutoa mwanga mwingi kwa joto dogo, nazo ndizo pekee zinazofaa. Hata hizo zisifungwe penye matundu ya kupitishia hewa, wala waya zake zisipite juu ya marundo ya pamba. Karabai na kandili zisiingie ghalani kabisa.

4. KUSOMA MAANDISHI YALIYO JUU YA BOKSI

Mwanachama akifika dukani asitazame picha. Asome maandishi, na muuzaji akisema "hii ni kali", amwombe amwonyeshe imeandikwa wapi.

Lumeni. Hiki ndicho kipimo cha wingi wa mwanga. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Kwa mlango wa nyumba, lumeni 700 hadi 1,000 zatosha. Kwa uwanja wa ghala, lumeni 1,500 hadi 2,500. Mwanga uliozidi si ulinzi uliozidi. Humtia mlinzi upofu na kutengeneza kivuli kizito ambamo mtu aweza kujificha.

Uwezo wa betri. Hapa ndipo udanganyifu ulipo mwingi. Taa ndogo za sola huandikwa "wati 100" au hata "wati 300". Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme ndani yake mna betri ya volti 3.2 na ampea-saa 6. Zidisha: 3.2 × 6 = 19.2. Hizo ni wati-saa 19.2. Kama taa ingekuwa ya wati 100 kweli, betri ingeisha baada ya dakika 11 au 12. Kwa hiyo namba hiyo si ya kweli, na anayeiandika hategemei wewe kujua kuzidisha. Taa isiyoonyesha volti na ampea-saa za betri yake, iache dukani.

Aina ya betri. Betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma huvumilia joto na huweza kuchajiwa mara nyingi zaidi kuliko betri za asidi. Uliza pia kama betri inaweza kubadilishwa. Taa nyingi hutupwa zikiwa nzima kwa sababu betri imefungiwa ndani.

Alama ya IP. Herufi hizi hufuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza huonyesha kinga dhidi ya vumbi, ya pili kinga dhidi ya maji. IP65 maana yake vumbi haliingii, na maji yanayorushwa hayadhuru. IP44 huzuia manyunyu tu, na vumbi jembamba huingia. Kwa vumbi la Mhunze na mvua zetu za upepo kuanzia Novemba, chagua IP65.

Vifundo vya kurekebishia. Taa nzuri ina vifundo vitatu: cha muda wa kuwaka, cha giza ambalo taa ianze kufanya kazi, na cha umbali wa kuona. Taa isiyorekebishika itakutawala, nawe hutaitawala.

Namna ya kuwaka. Taa nyingi za sola hutoa hiari tatu: kuzimika kabisa mpaka mtu apite; kuwaka hafifu usiku kucha na kung'aa mtu akipita; au kuwaka sawasawa mpaka betri iishe. Hiari ya pili hufaa penye mlinzi, kwa kuwa macho yake hayabaki gizani. Hiari ya kwanza hufaa nyumbani, ambako taa ikiwaka ghafula huonekana dirishani.

Mwisho, tafuta alama ya ubora ya TBS, na muulize muuzaji muda wa dhamana. Dhamana isiyoandikwa kwenye stakabadhi si dhamana.

5. MAHALI PA KUFUNGA NA NAMNA YA KUJARIBU

Taa nzuri ikifungwa mahali pabaya huwa taa mbaya. Fuata hatua hizi:

(i) Zunguka nyumba au ghala mchana, ukijiuliza mgeni mbaya angepita wapi. Mara nyingi si mlango wa mbele. Ni upande wa choo, pengo la ua, au dirisha la nyuma.

(ii) Funga taa katika kimo cha mita 2.5 hadi 3. Chini ya hapo mwizi huifikia kwa mkono. Juu sana kitambuzi huona vibaya.

(iii) Ielekeze ili anayeingia akatize mbele yake, kwa mujibu wa kanuni ya kwanza. Kwa njia inayokuja wima mlangoni, taa ifungwe pembeni.

(iv) Isielekee barabarani, kwenye matawi, zizini wala kwenye bomba la moshi. Isielekee dirisha la jirani pia. Jirani anayekoseshwa usingizi hataitika siku ya hatari.

(v) Mwanga utoke mgongoni kwa mlinzi na kumpiga mgeni usoni. Mlinzi akikaa chini ya taa, yeye ndiye anayeonekana.

(vi) Penye taa mbili, kila moja ione mahali ilipofungwa nyingine. Anayetaka kuharibu ya kwanza atamulikwa na ya pili.

Baada ya kufunga, fanya jaribio la kutembea. Usiku ukiingia, mtu mmoja atembee polepole kutoka pande zote, na mwingine aweke jiwe kila mahali taa inapowaka. Asubuhi mtaona mpaka wa uwezo wake umechorwa kwa mawe. Rudieni jaribio jioni ya joto. Kisha rekebisheni: muda wa kuwaka uwe dakika 1 hadi 2, na umbali upunguzwe mpaka mbuzi wa jirani asiiwashe taa.

Hatua hii ya mwisho isidharauliwe. Taa inayowaka mara 100 kwa usiku mmoja bila sababu huwafundisha watu kuipuuza. Usiku wa mara ya 101, ambao ni wa kweli, hakuna atakayeinua kichwa.

6. HESABU YA MATUMIZI

Tulinganishe taa ya LED ya wati 20 inayowaka usiku kucha na taa kama hiyo yenye kitambuzi. Uniti moja ni wati-saa 1,000.

Inayowaka usiku kucha: wati 20 × saa 12 = wati-saa 240 kwa usiku. Kwa siku 365 ni uniti 87.6.

Yenye kitambuzi, ikiwaka mara 20 kwa usiku, dakika 2 kila mara: dakika 40, yaani wati-saa 13.3 kwa usiku. Kwa mwaka ni kama uniti 4.9. Ongeza umeme unaoliwa na kitambuzi chenyewe, tuseme nusu wati mchana na usiku, yaani uniti 4.4. Jumla uniti 9.3.

Yenye kitambuzi lakini imefungwa ovyo, ikiwashwa na mbuzi na matawi mara 200 kwa usiku: dakika 400, yaani wati-saa 133 kwa usiku. Kwa mwaka ni uniti 48.7. Ongeza 4.4, jumla uniti 53.1.

Zidisha kila jibu kwa bei ya uniti iliyomo katika stakabadhi yako ya LUKU. Utaona kwamba zaidi ya nusu ya faida ya taa hii huweza kupotea kwa kufungwa vibaya tu. Kwa taa ya sola hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwani betri ikimalizwa na mbuzi saa 5 usiku, saa 8 hakuna taa.

7. UTARATIBU WA KUNUNUA KWA FEDHA ZA CHAMA

Ndugu Katibu, taa ni kifaa kidogo, lakini fedha ni za wanachama. Zingatia yafuatayo:

Matumizi yawe katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Yasipokuwamo, yasubiri kibali. Bodi iandike katika kumbukumbu za kikao idadi ya taa, aina yake, na mahali zitakapofungwa. Ziombwe hati za bei kwa wauzaji watatu, na wote wapewe maelezo yale yale: lumeni, betri, alama ya IP, dhamana. Kulinganisha bei za vitu visivyofanana si kulinganisha. Malipo yafanyike kwa hati ya malipo, na stakabadhi ya mashine ya kodi ihifadhiwe. Taa ziandikwe katika daftari la mali za kudumu pamoja na tarehe ya kununuliwa. Jaribio la kutembea lifanyike mbele ya mjumbe wa Bodi kabla ya fundi kulipwa fedha zake za mwisho.

Tena, mtajwe mtu mmoja kwa jina atakayefuta paneli na kujaribu taa kila wiki. Kazi ya wote, mara nyingi, huwa si kazi ya mtu.

8. NANI APEWE KWANZA, NA HAKI YA ANAYEMULIKWA

Chama kinachowakopesha wanachama taa, kupitia mfuko wake au kwa kushirikiana na SACCOS, kitakutana na swali la nani atangulie. Wengi husema mwenye mali nyingi. Tulifikiri upya. Mkoa wetu na mikoa jirani imepata misiba ya aibu: vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa kama wanyama. Ajuza anayelala peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya kitongoji hana ghala, lakini ana roho moja tu. Kwake taa si anasa.

Kumbuka lakini fundisho la sehemu ya kwanza. Taa yake ikiwaka na nyumba ya karibu iko mita 400, nani ataiona? Kwa hiyo asipewe taa peke yake. Ifungwe upande unaoonekana na majirani, naye awe na filimbi kitandani, na kaya tatu za karibu zikubaliane rasmi kuitikia. Bila makubaliano hayo, tumempa kifaa tukajiona tumemaliza wajibu.

Neno la mwisho ni juu ya huyo anayemulikwa. Taa haimpi mtu hatia. Anayeonekana uani saa 8 usiku aweza kuwa mwizi. Aweza pia kuwa jirani aliyekuja kuomba msaada kwa mke wake mwenye uchungu wa uzazi, mgonjwa wa akili aliyepotea, au mtoto aliyefukuzwa nyumbani. Historia ya ulinzi wa jadi katika eneo letu ina sifa zake, na pia ina watu walioumizwa kabla ya kuulizwa. Kanuni iwe moja: mulika, ita, uliza, zingira kwa mbali, kisha mkabidhi kwa mtendaji wa kijiji au polisi akiwa mzima. Mlinzi asiyeweza kushika kanuni hii asipewe zamu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja nyumba tatu za kitongoji chako ambako taa ya sensa ikiwaka usiku hakuna atakayeiona. Mfanye nini kwanza?

2. Taa ya sola imeandikwa wati 60, na betri yake ni volti 3.2, ampea-saa 10. Kama maandishi hayo ni ya kweli, ingewaka kwa dakika ngapi? Unalionaje tangazo hilo?

3. Choreni ramani ya ghala la chama chenu. Onyesheni njia ambayo mgeni mbaya angeipitia, mahali pa taa mbili, na mahali pa mlinzi kukaa.

4. Kwa nini taa ya halojeni haifai katika ghala la pamba, hata ikifungwa nje?

5. Mlinzi ameona taa imewaka na mtu amesimama uani. Elezeni, hatua kwa hatua, atafanya nini. Andikeni majibu yenu kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani mwa ofisi, mahali ambapo walinzi wa zamu wataisoma.